Nitajie Mtu Mwema

Kazi yangu ya kwanza katika utafiti ilikuwa kuangusha machungwa. Nilikuwa nimemaliza mafunzo ya ualimu na sikutaka kufundisha. Dkt. Kadzo, mwanamke wa upande wa Kaloleni aliyekuwa amerudi na shahada zake za saikolojia na kufungua ofisi ndogo Changamwe, juu ya duka la saruji na mabati, alikuwa akitafuta mtu asiyeogopa kutazamwa na watu. Aliniuliza kama ninaweza kubeba kikapu. Nikasema naweza. Usaili ukaishia hapo.

Alitaka kujua jambo ambalo mpaka leo linawashughulisha wanaochunguza tabia za binadamu: mtu humsaidia mwenziwe kwa sababu yeye ni mwema, au kwa sababu siku hiyo ana nafasi? Basi nikapangiwa kusimama feri, upande wa Likoni. Asubuhi, watu wakikimbilia kuvuka kwenda kazini, naangusha kikapu mbele yao. Jioni, wakishuka na kurudi makwao, naangusha tena. Mwenzangu Charo alikaa karibu na meza ya muuza mihogo, akiandika nani amesimama na nani amepita.

Asubuhi ile ya kwanza machungwa yalikanyagwa vibaya. Bwana mmoja mwenye shati la kazi aliyaruka kama mbuzi anayeruka mtaro, wala hakutazama chini. Jioni watu walewale, kwa kadiri nilivyowatambua, waliinama pamoja nami mpaka tukagongana vichwa. Yule mrukaji akalifukuza chungwa moja lililokuwa likibingirika kuelekea majini, akanirudishia na kunipa pole. Nilitamani kumkumbusha ya asubuhi. Sheria za kazi haziruhusu.

Haukupita muda mrefu nikawa nimeshajulikana. Mama aliyekuwa akiuza viazi karai pale akanivuta kando.

"Mwanangu, mikono yako ina maradhi?"

"Haina, mama."

"Basi nunua kikapu chenye kifuniko. Wachosha watu."

Nilipompelekea Dkt. Kadzo habari hizo alicheka mpaka akavua miwani, kisha akausimamisha utafiti siku hiyohiyo. Alinieleza kwamba watu wakishakuzoea, hupimi tena tabia yao, unapima huruma yao kwako. Kuhusu haraka aliandika kwa uangalifu mkubwa. Hakuandika kwamba watu wa asubuhi ni wabaya. Aliandika kwamba wema unahitaji nafasi ya kuinama, na mji usiowapa watu nafasi hiyo usiwalaumu watu wake upesi. Mimi nilikuwa nimekwisha kuwalaumu. Ndipo nikaanza kuipenda kazi hii.

Nyinyi mnaoingia sasa mna tabuleti, na majibu yanapaa mpaka ofisini kabla hamjamaliza kuaga. Sisi tulikuwa na karatasi zilizolowa jasho, na kinasa sauti cha kanda ambacho nilikifunga kwenye leso kisiingie mchanga. Lakini yaliyonisaidia hasa hayakubadilika. Vaa viatu vinavyovulika kwa urahisi, maana ukiinama mlangoni kufungua kamba muda mrefu mwenye nyumba atapata nafasi ya kubadili nia. Kuwa na kanga moja mkobani. Ukikaribishwa chai, kunywa. Ukikaribishwa mara ya pili, jua mahojiano yamekwisha na umekuwa mgeni. Na swali ukishaliuliza, nyamaza. Wahoji wengi wapya huogopa kimya, wakakijaza kwa swali jingine, na jibu lililokuwa njiani likarudi lilikotoka.

Miaka ya katikati tuliipoteza kwenye maneno, kama nitaruhusiwa kuiita hasara. Ilitufikia hojaji kutoka ng'ambo, imeorodhesha tabia njema ambazo wataalamu walidhani zinapatikana kwa kila kabila duniani, nasi tukatakiwa kuziweka katika Kiswahili. Dkt. Kadzo hakutaka tuzitafsiri mezani. Tulikwenda nyumbani kwetu Jomvu Kuu, tukakaa na mama yangu na wanawake wenzake ukumbini, tukawasomea neno moja baada ya jingine. Ujasiri walilikubali. Subira waliikubali na kuongeza hadithi. Tulipofika kwenye ucheshi, mama akaweka chini ukindu aliokuwa akisuka.

"Ucheshi nao ni tabia njema?"

"Ndivyo walivyoandika, Bi," Dkt. Kadzo akasema.

"Ami yenu Shee alikuwa mcheshi kuliko watu wote wa Jomvu," mama akasema, "na wake watatu walimkimbia."

Mwanamke mwingine akauliza kwa nini haya haimo kwenye orodha. Dkt. Kadzo akamwomba aeleze haya ni nini, na hapo ikazuka mjadala uliotuchukua mpaka adhana ya alasiri. Mmoja anasema haya ni kuogopa watu, mwingine anasema la, ni kujiogopa mwenyewe unapokuwa peke yako. Daktari alikuwa akiandika kwa furaha ya mtoto aliyepewa kaimati. Neno likaongezwa kwenye hojaji, na wenzetu wa ng'ambo, kwa heshima yao, wakatuandikia kuuliza zaidi. Mimi nilijifunza kwamba anayeijua kazi yake hufurahi anapokuta jambo asilolijua.

Nimefika sasa kwenye kisa ambacho vijana wa ofisini huniuliza mara kwa mara, ambacho mpaka hivi karibuni nilikuwa sina ruhusa ya kukisimulia. Wenyewe wameniruhusu, na majina nimeyabadilisha.

Ilikuwa miaka michache kabla sijastaafu. Dkt. Kadzo, nywele zimeshakuwa nyeupe, alitaka kuachana na hojaji za kujipima mwenyewe, zile zinazomwuliza mtu kama yeye ni mkweli, na mwongo akajibu ndiyo upesi kuliko wote. Akabuni njia nyingine. Tungepita nyumba kwa nyumba na swali moja tu: nitajie mtu mwema unayemjua, na uniambie alifanya nini. Wanaotajwa na wengi tungewafuata, tukawahoji wao, na kila mmoja wao tungemwomba atupe majina ya watu wachache wanaomjua vizuri, tukawahoji na hao.

Nilipewa Likoni, mtaa uitwao Shika Adabu. Jina sikulibuni mimi.

Nyumba ya kwanza nilitajiwa Mzee Bakari. Ya pili, Mzee Bakari. Nyumba ya Wadigo wenyeji, nyumba ya fundi cherehani kutoka Rabai, nyumba ya askari mstaafu Mkamba, wote Mzee Bakari. Alikuwa mkulima wa minazi na mihogo, Mdigo wa ukoo uliokaa pale tangu kabla ya barabara. Ndiye anayeitwa mtu akifiwa, ndiye anayeitwa mke na mume wakitupiana vyombo. Na karibu kila aliyemtaja alinisimulia kisa kimoja.

Koo mbili zilikuwa zikigombania mpaka wa shamba, na ndani ya mpaka huo mlikuwa na makaburi. Asubuhi moja vijana wa pande zote mbili walikutana pale na panga. Mzee Bakari alipata habari, akaenda, akaketi chini juu ya mstari wenyewe wa mpaka, akasema anayetaka kuvuka na amruke yeye. Alikaa pale tangu asubuhi mpaka jua likapinda, akizungumza na huyu na yule, mpaka panga zikarudi majumbani na wazee wakakubali kupimiwa shamba upya. Haikumwagika damu hata ya kuku.

"Na alikuwa amevaa kanzu nyeupe imepigwa pasi," mke wa fundi cherehani aliniambia. "Mchangani vile vile akakaa nayo. Kanzu kama ya Idi."

Wengi waliikumbuka kanzu ile. Niliiandika, kwa kuwa nimezoea kuandika, wala sikujiuliza kwa nini mtu awe amevaa kanzu ya Idi siku isiyo Idi.

Nilipompigia hodi Mzee Bakari mwenyewe, nilimkuta akitengeneza mpini wa jembe. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanikaribisha kitini. Nilipomweleza kilichonileta aliniuliza kama nina hakika na nyumba.

"Walionitaja mimi ni wengi?"

"Siruhusiwi kukwambia ni akina nani, mzee. Lakini ni wengi."

Hakufurahi kama wengine walivyofurahi. Alijibu maswali yangu kwa ufupi, kwa adabu, kama mtu anayelipita shamba la jirani. Mwisho nikamwomba majina ya wanaomjua vizuri. Hapa watu huwataja marafiki. Imamu mmoja alinipa majina ya wanafunzi wake watupu, na mwenyekiti mmoja wa kikundi akanipa nambari ya mkewe na kunong'ona kwamba ameshazungumza naye. Mzee Bakari alimtaja jirani yake, akamtaja mzee aliyelima naye, kisha akanyamaza. Nami nikanyamaza.

"Na mwanangu Mejumaa," akasema. "Yuko Kiembeni. Nambari yake atakupa kaka yake, mimi niliyo nayo ni ya zamani, haiingii."

Jirani alimsifu. Mkulima mwenzake alimsifu na kunisimulia tena habari ya panga. Nikaenda Kiembeni.

Mejumaa alikuwa mwanamke wa makamo, mwalimu wa shule ya chekechea, nyumba yake safi na michoro ya watoto imebandikwa mpaka kwenye friji. Nilimsomea karatasi ya ridhaa yote kama inavyotakiwa: kwamba anaweza kukataa, kwamba anaweza kuacha katikati, kwamba atakayoyasema hayatamfikia aliyemtaja wala mtu mwingine kwa jina lake.

"Aliyenitaja ni nani?"

Hilo liliruhusiwa, kwa kuwa waliotupa majina walikuwa wameridhia. "Ni babako, Mzee Bakari."

Aliirudisha karatasi mezani. "Angeweza kumtaja kaka yangu. Kaka yangu angekwambia mazuri."

"Waweza kukataa, dada. Nitaandika kwamba sikukupata, basi."

Alikwenda jikoni. Nilisikia maji yakifunguliwa na kufungwa. Aliporudi alikaa kiti kilicho karibu nami zaidi ya kile alichokuwa amekikalia mwanzo.

"Washakusimulia habari ya panga?"

"Nimeisikia."

"Ilikuwa Ijumaa," akasema. "Ilikuwa siku ya harusi yangu."

Nimehoji watu wengi katika maisha yangu na mkono wangu umezoea kuandika huku uso umetulia. Siku ile kalamu ilisimama. Ile kanzu ikanijia machoni.

Aliniambia kwamba nikaha ilipangwa baada ya sala ya Ijumaa. Yeye alikuwa chumbani, amejifunika, amezungukwa na mashangazi, akimngojea babake. Kwao, kama kwetu, kabla ya kufungishwa ndoa baba huja mwenyewe kwa bintiye na kumwuliza kama ameridhi. Mejumaa alikuwa akilingojea swali hilo tangu utotoni. Alikuwa ameshajipangia na namna ya kuitikia, si upesi mno asionekane hana haya, wala si kwa kuchelewa mno. Watu wa bwana harusi wakafika. Shekhe akafika. Babake akatumiwa mtu, na mtu akarudi akasema mzee amekaa mpakani, hawezi kunyanyuka, akinyanyuka watu watauana. Shekhe alikuwa na nikaha nyingine mbele. Ikabidi ami yake awe walii mahali pa babake.

"Nikasikia mlango. Nikajua ni baba," Mejumaa akasema. "Ikaja sauti ya ami. Nikaitikia, maana ningefanyaje. Sijui kama nilisikika."

Nikamwuliza kama babake aliwahi kuzungumza naye juu ya siku ile.

"Alikuja jioni. Kanzu imejaa mchanga na watu wamefuatana naye hadi uani wakimsifu. Ungekuwa wewe ungesema nini? Ungemwambia bora watu wangeuana? Kesho yake nikaja huku kwa mume wangu. Na kila nikienda Likoni, iwe msiba, iwe harusi, pana mtu ataisimulia. Wanaisimulia wakinitazama, wanangojea nami nicheke kwa fahari. Mimi sisemi baba ni mtu mbaya. Andika hivyo, sisemi ni mbaya. Lakini ukiniuliza nikutajie mtu mwema, sitamtaja yeye. Nitamtaja ami."

Niliandika hivyo hivyo. Alinisindikiza hadi barabarani, na kabla hajarudi akauliza tena, kwa sauti ndogo, kama kweli ni babake mwenyewe aliyesema nije kwake. Nikamwambia ni yeye.

Hebu jiwekeni mahali pangu. Nilikuwa na simulizi mbili za siku moja, moja ya watu wengi na moja ya mtu mmoja, na sina ruhusa ya kuivusha hii ikutane na ile. Nilimweleza Dkt. Kadzo ofisini nikitumaini ataniruhusu japo neno moja kwa yule mzee. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaenda dirishani, akatazama malori yanayopakia saruji.

"Sisi si posta, Rukia," akasema.

"Najua, Daktari. Lakini wanaumia wote wawili."

"Wanaumia, naam. Na wakijua tunabeba maneno, kesho hakuna atakayetufungulia mlango, na lililo rohoni litabaki huko. Rudi kwa mzee. Bado una mahojiano ya pili naye. Mwulize tuliyoyapanga, kisha mwache aseme."

Mahojiano ya pili yalikuwa na swali ambalo Dkt. Kadzo aliliongeza kwa wote waliotajwa: je, yuko mtu ambaye hangekutaja wewe? Nilipolisoma, Mzee Bakari aliweka jembe ukutani.

"Ulifika Kiembeni?"

"Mzee, nikikwambia nilifika, au sikufika, sitakuwa mtu wa kuaminika tena."

"Basi ulifika."

"Sijasema hivyo."

"Hujasema," akakubali. Akakwangua udongo ukuchani. "Mulitaka kumjua mtu. Nikawaza, nikiwapa majirani watupu, nitawapa nusu ya mtu. Ile nusu nyingine anayo yeye. Mimi sijui atasema nini, na miaka yote hii sijamwuliza. Mtu akikwambia wewe ni mzuri kila siku, waogopa kwenda kwa yule mmoja ambaye hasemi."

Kisha akanisimulia mwenyewe siku ile, kanzu na yote. Alisema alipokaa pale mpakani alikuwa akisikia ngoma ya harusi ya bintiye kwa mbali, kwa sababu upepo ulikuwa unatoka huko. Aliwaza kuinuka. Kijana mmoja mbele yake alikuwa hajaiweka chini panga yake. Akakaa. Alisema hata leo hajui lililokuwa sawa zaidi, na hilo halimtaabishi sana kama linavyomtaabisha jambo jingine: kwamba jioni, alipokuja nyumbani, aliwaacha watu wamsifu mbele ya mwanawe na asiseme neno.

"Nitamwambiaje sasa?" akaniuliza.

Katika karatasi zangu zote hapakuwa na maelekezo ya swali kama hilo. Jibu nililompa ningeweza kulisema mbele ya Daktari, mbele ya Mejumaa, mbele ya mtaa mzima.

"Mzee, mimi nauliza maswali yangu tu. Swali hilo ni lako, na mwenye jibu yuko hai, na ana simu."

"Simu anayo," akasema. "Ulimi ndio sina mimi."

Niliaga. Kwa miezi kadhaa sikusikia kitu, wala haikuwa haki yangu kusikia. Tulikuwa tukichambua majibu ya Likoni, Kisauni na Changamwe, na jambo moja lilianza kujitokeza kila tulipogeuka. Majirani humtaja anayewafikia wote. Wa nyumbani humtaja aliyekuwapo. Mara nyingi ni watu wawili mbalimbali, na pengine ni mtu mmoja anayepasuliwa katikati. Dkt. Kadzo aliliita wema wa barazani na wema wa jikoni, akakataa katakata kusema upi ni mkubwa. Jioni moja nilimwuliza mume wangu yeye angemtaja nani. Alifikiri muda mrefu kuliko nilivyopenda, akamtaja fundi wake wa pikipiki.

Desturi ya Daktari ilikuwa kuwarudishia watu matokeo kabla ya kuyapeleka popote. Basi tukaita mkutano Likoni, katika ukumbi wa shule. Watu walijaa, wengine kwa ajili ya matokeo, wengine kwa ajili ya soda. Dkt. Kadzo akaeleza tuliyoyaona bila kutaja jina la mtu. Mzee Bakari alikuwa amekaa mstari wa kati. Pembeni yake, amejitanda buibui, alikaa Mejumaa. Nilijifanya ninapanga karatasi.

Ulipofika wakati wa maswali, mzee mmoja mchangamfu akasimama. Akasema Daktari amefanya vizuri kuficha majina, lakini Shika Adabu haina la kuficha, mwema wao wanamjua. Akaianza ile habari ya panga. Ukumbi ulitikisa vichwa kwa raha ya watu wanaosikia wimbo wanaoujua. Mejumaa alikuwa ameinamisha uso.

Mzee Bakari akanyanyuka kabla msimulizi hajafika mwisho.

"Samahani, Mwinyi. Nimekukata maneno," akasema. "Hayo usemayo ni kweli. Lakini kisa hicho mulichozoea kukisimulia hakijatimia, na kosa ni langu, maana nilikuwepo nikawaachia. Ile kanzu muitajayo, mumesahau, ilikuwa ya harusi. Siku hiyo nalikuwa namwoza mwanangu huyu hapa. Nikaketi mpakani, na yeye akaketi ndani akiningoja, nisitokee. Nyinyi mulipata amani siku ile. Aliyeilipia ni yeye, si mimi. Basi mukiisimulia, isimulieni na hilo."

Akakaa. Ukumbi ulinyamaza, kimya ambacho hata mhoji mpya asingethubutu kukijaza. Yule Mwinyi alibaki amesimama hajui aendelee au aketi. Kisha mama mmoja wa nyuma, mtu wa mojawapo ya zile koo mbili, akapita katikati ya viti mpaka mbele ya Mejumaa, akamshika mkono kwa mikono yake miwili. Hakutoa hotuba. Alisema, "Ahsante, mwanangu. Hatukujua ulivyongoja," akarudi mahali pake. Mwingine akafuata. Dkt. Kadzo, ambaye alikuwa na kurasa nyingine za kuwasilisha, alizikunja na kutangaza kwamba soda ziko tayari.

Nimestaafu mwaka huu. Ofisi ilinifanyia biriani na hotuba, na hotuba zilikuwa ndefu kuliko biriani. Sina la kujutia sana. Sikugundua dawa, sikujenga daraja. Nilibisha hodi, nikauliza, nikanyamaza, nikaandika kama nilivyoambiwa. Ukiifanya kazi hiyo kwa miaka mingi unaacha kuwagawa watu mafungu mawili, na usingizi unakuwa mzuri.

Juzi nilikuwa Kongowea kununua nazi, nikasikia naitwa kwa nyuma. Alikuwa Mejumaa, ana kikapu cha mboga na binti yake mkubwa. Tukasalimiana, tukaulizana hali za nyumbani. Nikamwambia sina kazi tena na sina karatasi mkononi, na kama hataki kusema asiseme, lakini nimekuwa nikijiuliza ilikuwaje mpaka wakaja ukumbini pamoja.

Alimtuma bintiye akachague ndimu.

"Alikuja Kiembeni," akasema. "Hakunipigia simu, alikuja tu. Nikafungua mlango nikamkuta amesimama, amevaa kanzu, amevua kofia ameishika. Nikamkaribisha, akakataa kuingia. Akasema, 'Mejumaa, mwanangu, wamridhia Athmani bin Said akuoe?'"

"Baada ya miaka yote hiyo?"

"Athmani mwenyewe alikuwa nyuma yangu, ana kijiko mdomoni. Watoto wamejaa mlangoni wanamtazama babu yao. Nikamwambia, baba, umechelewa. Nina watoto wanne na huyu bwana. Akanijibu, 'Najua nimechelewa. Lakini ni mimi niliyetakiwa kukuuliza, na sijakuuliza.'"

Aliutengeneza mtandio wake, akamtazama bintiye aliyekuwa akibishana na muuza ndimu.

"Na wewe ukajibuje?"

"Sikujibu upesi," Mejumaa akasema, akaanza kutabasamu. "Nilimngojesha kidogo, kama nilivyokuwa nimejipangia zamani. Kisha nikamwambia nimeridhi."